Choo Hiki Kinajengwa na Nani? Mikono Inayoshika Shule ya Msingi Pembezoni mwa Malindi

Mkutano wa wazazi uliitwa saa nne, ukaanza saa tano na nusu, chini ya mwarobaini ulio kati ya uwanja na jiko. Ajenda ya kwanza ilikuwa vyoo. Mashimo ya upande wa wasichana yalikuwa yamejaa tangu masika. Mama mmoja wa gredi ya 2, aliyekuja na ndoo yake ya mahamri kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia biashara, alisimama akauliza neno jepesi: "Mwalimu, samahani, choo hiki kinajengwa na nani?"

Mwalimu mkuu akasema hilo ni la bodi. Mwenyekiti wa bodi akasema bodi haina fungu la ujenzi, labda mbunge. Kijana aliyetumwa kutoka ofisi ya mbunge akasema pesa za mwaka huu zimeshapangiwa kazi, waandike ombi la mwaka ujao. Mwakilishi wadi akasema kaunti ingejenga leo hii, ila vya watoto wa chekechea tu. Mzee wa kanisa anayemwakilisha mfadhili akasema kazi ya mfadhili ni malezi ya kiroho. Kisha mzee wa mtaa akanong'ona, kwa sauti iliyosikika hadi getini, kwamba kabla ya kuchimba shimo jipya aonyeshwe kwanza mpaka wa shule unapita wapi.

Yule mama akaketi. Mimi nilikuwa pale kama mwakilishi wa darasa, mwaka wangu wa pili, na sikuwa na la kumwambia.

Nilirudi nyumbani nimewakasirikia wote sita. Ilinibidi kusoma sheria kadhaa, nyingine zimeandikwa kana kwamba hazitaki kusomwa, ndipo nikaja kuona kwamba hakuna hata mmoja wao aliyesema uongo. Kila mmoja alikuwa anasimama juu ya sheria yake, ya mwaka wake. Shule ya msingi ya serikali nchini Kenya haikujengwa kwa mpango mmoja. Kila zama ilileta mwenye mamlaka mpya, na aliyekuwepo hakuondoka. Alisogea tu kidogo kwenye benchi.

Jina la shule siliandiki. Ukitoka Maweni ukaenda Muyeye, Barani au Mtangani utayakuta mambo ni yaleyale, yamebadilishwa rangi ya sare tu.

Nianze na mzee wa mtaa, ingawa alizungumza mwisho, kwa sababu jambo lake ndilo kongwe kuliko yote.

Mwaka 1908 serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda wa pwani. Ukanda huo wa maili 10 kutoka baharini ulihesabika kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na tangu mkataba wa 1895 Waingereza waliutawala kwa niaba yake. Sheria ilimtaka kila anayedai kuwa na ardhi humo ajitokeze na athibitishe. Waliokuwa na maandishi na mashahidi waliokubalika mbele ya ofisa walipata hati. Wamijikenda wengi, ambao kwao ardhi ilikuwa ya ukoo na ushahidi wake ulikuwa makaburi, minazi na mibuyu, walibaki nje ya daftari. Ardhi ambayo hakuna aliyeandikiwa ikawa ya Taji la Uingereza. Hapo ndipo lilipozaliwa neno ambalo mtoto wa Malindi hulijua kabla hajajua kuandika jina lake: skwota, yaani mtu anayeishi mahali alipozaliwa babu yake, kwenye ardhi iliyoandikwa jina la mtu mwingine.

Uhuru haukulifuta daftari hilo. Oktoba 1963, Waziri Mkuu wa Kenya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar Mohammed Shamte walibadilishana barua kuhusu ukanda wa pwani kuingia Kenya moja kwa moja. Barua hizo zilikuwa na ahadi tano. Watu huikumbuka ile ya mahakama za kadhi, lakini mbili nyingine zinaigusa shule yetu. Moja ilisema hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa pwani zitatambuliwa wakati wote. Nyingine ilisema watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu kadiri itakavyowezekana, na kwa ajili hiyo ruzuku iliyokuwa ikitolewa kwa shule za msingi za Kiislamu pwani iendelee. Ardhi na shule vilitiwa kwenye bahasha moja, na tangu siku hiyo havijatenganika.

Mji ulipopanuka, mahoteli yakiongezeka ufukweni na watu wakishuka kutoka Ganze, Magarini na Kaloleni kutafuta kazi, mitaa ya pembezoni ilijaa kabla ya mtu yeyote kupima ploti. Watoto nao hawasubiri seveya. Wazee husimulia kwamba shule yetu ilianza kwa darasa la makuti, mwalimu mmoja na ubao uliofungwa kwenye mti, katika kiwanja ambacho mwenye hati alikuwa hajakitembelea kwa miaka. Chifu aliridhia kwa mdomo. Kanisa lilitoa mabati. Wazazi walichanga mawe ya matumbawe na chokaa. Hakuna aliyeandika chochote zaidi ya daftari la michango.

Kwa shule za namna hii, kuna ngazi tatu za usalama. Ya chini kabisa ni idhini ya mdomo. Ya katikati ni barua ya kugawiwa kiwanja. Ya juu ni hati miliki, ambayo kwa shule ya umma huandikwa kwa jina la serikali ikiwa mdhamini wa shule, wala si kwa jina la mwalimu mkuu au mwenyekiti. Taifa zima lilikumbushwa tofauti ya ngazi hizi Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walipotupiwa vitoza machozi walipokuwa wakiupinga ukuta uliozungushiwa uwanja wao wa michezo. Baada ya hapo serikali iliagiza shule zote za umma zipatiwe hati. Agizo ni jambo moja. Kupata hati mahali ambapo tayari pana hati ya mtu mwingine ya tangu enzi za Sultani ni jambo jingine kabisa.

(Katika miji ya kale ya Malindi na Lamu kuna hali ya nne, nayo ni wakfu. Ardhi iliyowekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Shule iliyo juu ya wakfu halisi imelala usingizi mzuri kuliko sisi, mradi wakfu wenyewe umeandikishwa.)

Sasa yule mzee wa kanisa.

Neno "mfadhili" limetuponza sana. Katika Kiswahili cha mtaani mfadhili ni mtu wa kutoa; ukisikia ana mfadhili, unajua karo imelipwa. Kwa hiyo mzazi anaposoma kwenye kibao cha getini "Mfadhili:" na kufuatiwa na jina la kanisa au baraza la Waislamu, anategemea kuona magunia ya saruji. Katika sheria ya elimu neno hilo lina maana nyingine, na maana hiyo ina tarehe.

Kabla ya uhuru, shule nyingi za Waafrika zilikuwa za misheni, tangu mmisionari Krapf na wenzake walipoweka kituo Rabai katika miaka ya 1840. Serikali ya kikoloni ilitoa ruzuku, misheni ikasimamia: ilimwajiri mwalimu, ikachagua kitabu, ikaamua nani abatizwe na nani arudi kwao. Pwani mambo yaligawanyika zaidi, kwa kuwa elimu ilitolewa kwa rangi. Palikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika, na mtoto wa Mswahili alijikuta akipimwa nasaba mlangoni kabla ya kupimwa akili. Tume iliyoongozwa na Simeon Ominde mwaka 1964 ilipendekeza mfumo mmoja wa taifa usio wa dini fulani wala rangi fulani. Sheria ya Elimu ya 1968 ikalitekeleza pendekezo hilo kwa njia ya busara, au ya woga, inategemea unamuuliza nani: usimamizi ukachukuliwa na serikali, na makanisa yakaachiwa cheo kipya. Aliyekuwa mwenye shule akawa mfadhili.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, katika kifungu cha 27, imekiendeleza cheo hicho. Mfadhili ana haki ya kutoa maoni kuhusu mtaala na vitabu, kuwa na wawakilishi kwenye bodi, kutoa ushauri wa kiroho na hata kuweka mlezi wa dini kwa gharama yake mwenyewe, alimradi dini za wengine zilindwe. Mwisho wa orodha, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa mlangoni, sheria inaongeza kuwa mfadhili atasaidia kwa fedha na majengo. Haisemi kiasi, haisemi lini, haisemi atafanywa nini asipotoa. Mzee wa kanisa alikuwa sahihi kusema kazi yake ni ya kiroho. Alichoruka ni mstari wa mwisho.

Shule jirani na yetu ina kibao cha ajabu zaidi. Kimeandikwa kuwa mfadhili ni DEB, yaani bodi ya elimu ya wilaya. Bodi hizo ziliundwa miaka ya 1930 kusimamia shule za Waafrika wilayani, na sheria ya 2013 ilizibadilisha kwa bodi za elimu za kaunti. Wilaya zenyewe zimekwisha kuwa kaunti ndogo. Kibao kinapakwa rangi upya kila muhula.

Mamlaka ya mfadhili yanafika wapi hasa? Kesi iliyoanzia Isiolo ilijaribu kupima. Shule moja ya sekondari inayofadhiliwa na Kanisa la Methodist ilipinga wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu pamoja na sare, na kanisa likaenda mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ililikubalia kanisa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iligeuza, ikawaruhusu wasichana. Januari 2019 Mahakama ya Upeo ikautengua uamuzi huo kwa hoja kwamba ombi la wasichana lilikuwa limeletwa kesini kwa njia isiyo sahihi, kisha ikaitaka bodi ya shule ikae na wahusika itunge kanuni za mavazi zinazojali dini za watoto. Ukiisoma kwa jicho la mzazi wa Malindi, ambako darasa moja lina Amina, Kadzo na Grace kwenye dawati moja, utaona jambo la maana: mwisho wa safari yote, swali lilirudishwa kwa bodi.

Bodi, basi. Wazee bado huiita kamati, kwa sababu kabla ya 2013 shule ya msingi ilikuwa na kamati ya shule. Sasa ni bodi ya usimamizi, na watu humaliza maneno kwa kusema BOM. Kifungu cha 56 kinaeleza wanaokaa humo: watu 6 waliochaguliwa kuwakilisha wazazi, mmoja aliyeteuliwa na bodi ya elimu ya kaunti, mwalimu mmoja aliyechaguliwa na walimu wenzake, watatu wa mfadhili, mmoja wa makundi maalumu, mmoja wa watu wenye mahitaji maalumu, na mwanafunzi mmoja kutoka baraza la wanafunzi, ambaye huingia kwa wadhifa wake. Bodi inaweza kuongeza hadi watu watatu. Mwalimu mkuu ni katibu.

Hesabu vizuri. Upande wa wazazi una viti 6, mfadhili 3. Kwa karatasi wazazi ndio wengi. Kwa vitendo, viti vya wazazi hugombewa na watu ambao hawana mtoto shuleni tangu mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulipokuwa ukiitwa kwa jina jingine, kwa sababu mtu wa jamii naye huhesabiwa, na ukiwa na mdomo wewe ni jamii. Zaidi ya hayo, wazazi wanachagua lakini barua ya uteuzi hutoka kwa bodi ya elimu ya kaunti. Mpaka barua ifike, uliyechaguliwa ni mgeni tu.

Kando ya bodi kuna chama cha wazazi. Kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama bila kujiandikisha. Kamati yake ina mwakilishi wa kila darasa na walimu wawili, na mwenyekiti wake pamoja na wenzake wawili huingizwa kwenye bodi. Mimi niko huku. Chama hakitawali shule. Kazi yake ni kuwaleta wazazi karibu, kufuatilia watoto, na kusaidia kuchangisha pale panaporuhusiwa. Wengi wetu tuliingia tukidhani tumepewa rungu la kumfukuza mwalimu mkorofi.

Hapo naomba nitumie muda, maana ndipo ugomvi mwingi wa mitaani huanzia. Mwalimu wa shule ya umma si mwajiriwa wa shule, wala wa bodi, wala wa Wizara ya Elimu. Ni wa TSC, tume ya kuwaajiri walimu, iliyoundwa mwaka 1967 na sasa imetajwa ndani ya Katiba, kifungu cha 237. Sababu ya kuundwa kwake ni ya kusikitisha kidogo. Miaka ya mwanzo ya uhuru mabaraza ya kaunti ndiyo yaliyolipa walimu wa msingi, na mengine yalishindwa. Mwalimu alimaliza mwezi bila mshahara na bila wa kumlaumu. TSC ikawachukua walimu, na mwaka 1969 serikali kuu ikazichukua shule za msingi zenyewe kutoka kwa mabaraza ya kaunti, isipokuwa katika manispaa chache kubwa kama Nairobi na Mombasa. Malindi haikuwa miongoni mwa hizo chache.

Kwa hiyo leo kwenye kaunti ndogo moja kuna ofisi mbili za elimu, wakati mwingine mlango unaangaliana na mlango: mkurugenzi wa wizara na mkurugenzi wa TSC. Wa wizara anauliza kama shule imesajiliwa, inafundisha mtaala unaotakiwa, na pesa zimetumika vipi. Wa TSC anauliza kama mwalimu yupo darasani. Mzazi mwenye malalamiko kuhusu mwalimu akienda kwa wa kwanza hurushwa kwa wa pili, na anaona amezungushwa. Hakuzungushwa. Alibisha hodi nyumba ya jirani.

Mwalimu aliyeajiriwa na bodi ni habari nyingine. Shule ikipungukiwa walimu, bodi huajiri wake na kuwalipa kwa pesa inazoweza kupata, na hao bodi inaweza kuwaondoa. Ndiyo maana walimu wa BOM huja shule saa kumi na mbili na nusu alfajiri.

Tukija kwenye pesa, kuna hadithi ya mlango unaofunguliwa na kufungwa. Mwaka 1974 serikali iliondoa karo kwa darasa la kwanza hadi la nne, na wanafunzi wa shule za msingi wakaruka kutoka takriban milioni 1.8 hadi milioni 2.8 ndani ya mwaka mmoja. Madarasa hayakutosha, na shule zikaanza kutoza "pesa za ujenzi" ambazo mahali pengine zilizidi karo iliyofutwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 sera ya kugawana gharama ikawarudishia wazazi mzigo waziwazi. Januari 2003 serikali mpya ya Mwai Kibaki ikaondoa karo ya msingi yote, na wanafunzi wakapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Walioandikisha watoto mwaka huo hapa kwetu wanakumbuka foleni iliyofika barabarani.

Mgao wa elimu ya msingi bila malipo umekuwa shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Chukua shule ya watoto 900: ni shilingi 1,278,000. Inasikika nyingi hadi ukumbuke kwamba hugawanywa kwa mihula, nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, 20 wa tatu. Kwamba tangu 2018 vitabu hununuliwa na serikali moja kwa moja kwa wachapishaji, na pesa hizo hazipiti shuleni. Na kwamba kinachobaki kinalipa maji, stima, chaki, matengenezo madogo na mlinzi. Choo cha mashimo manane hakimo. Mwenyekiti alisema kweli.

Halafu kuna sharti la kuhesabiwa. Mgao umekuwa ukifuata majina yaliyoingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa wizara, NEMIS, ulioanza 2017, na mfumo ulitaka cheti cha kuzaliwa. Katika mitaa ambayo watoto wengi walizaliwa nyumbani kwa mikono ya mkunga wa jadi, kuna watoto waliokaa darasani miaka, wakala uji, wakajaza choo, lakini kwa hesabu ya Nairobi hawakuwapo.

Je, wazazi wanaweza kutozwa? Kifungu cha 29 kinakataza karo ya masomo katika shule ya umma. Tozo nyingine zinawezekana tu kwa idhini ya waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hata hapo mtoto hawezi kukatazwa kuja shule kwa kuwa mzazi hajalipa. Mchango wa hiari haujakatazwa. Tatizo ni hiari yenyewe, maana jina la asiyetoa husomwa kwenye paredi ya Ijumaa, na hiari ya namna hiyo hata mtoto wa gredi ya 1 anaielewa.

Mwakilishi wadi na kijana wa mbunge nitawamaliza pamoja, kwa sababu waligawanywa na karatasi moja. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini; shule ya msingi na kuendelea imebaki kwa serikali ya kitaifa. Hazina ya maeneobunge, iliyoanzishwa 2003 na kupewa sheria mpya 2015, ni fedha za kitaifa, kwa hiyo hujenga madarasa ya msingi na sekondari. Ukisimama kwenye uwanja wetu unaisoma Katiba ukutani: jengo la chekechea lina rangi na nembo ya Kaunti ya Kilifi, na hatua 20 kutoka hapo kuna madarasa yenye maandishi ya hazina ya mbunge. Watoto wa miaka mitano wana choo kipya chenye kufuli. Dada zao wa miaka kumi wanakiangalia.

Na kuna kichekesho ambacho hakikusemwa mkutanoni. Afya ya umma ni kazi ya kaunti. Afisa wa afya anayekuja kukagua vyoo, akiwa na kipimo cha tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30, ni mwajiriwa wa gavana. Kaunti haiwezi kutujengea choo cha gredi ya 5, lakini inaweza kutupa notisi kwa kukosa.

Juu ya yote hayo ikaja sekondari msingi. Mtaala wa umilisi ulianza kutekelezwa rasmi mwaka 2019, na mwanzoni mwa 2023 gredi ya 7 ya kwanza ikabaki kwenye viwanja vya shule za msingi badala ya kwenda sekondari. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa darasa la nane, ukafanywa mwaka huohuo. Sasa ndani ya ua mmoja kuna chekechea ya kaunti, msingi wa serikali kuu, na sekondari msingi yenye mgao wake wa shilingi 15,042 kwa mwanafunzi. Piga hesabu tena: watoto 300 wa gredi ya 7 hadi ya 9 wanaandikiwa shilingi 4,512,600, zaidi ya mara tatu ya wadogo zao 900. Si zote hufika, na sehemu imetengewa majengo, lakini unaweza kuona kwa nini watu walianza kuangaliana.

Walimu wa ngazi hiyo wengi wana mafunzo ya sekondari, na wakajikuta chini ya mwalimu mkuu wa msingi. Walimu wa msingi ni watu wa chama cha KNUT. Wa sekondari ni wa KUPPET. Na kila chama kiliwaona hawa wapya kuwa wake. Mwaka 2024 waligoma kwa wiki kadhaa, hasa wakiwa wale walioajiriwa kama vibarua wa mafunzo kwa posho, wakidai ajira ya kudumu na uhuru wa kujisimamia. Jopo la mageuzi ya elimu lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu lilikuwa limependekeza mwaka 2023 kinyume chake: chekechea, msingi na sekondari msingi ziwe taasisi moja chini ya mkuu mmoja. Mimi binafsi naona jopo lilikuwa na hoja. Ua mmoja, kisima kimoja, mwarobaini mmoja. Ukigawanya utawala utagawanya hata kivuli.

Wapwani husema manahodha wengi chombo huenda mrama. Kwa shule naona si wingi wao unaotuzamisha. Abiria hawajaambiwa nani ameshika usukani na nani kazi yake ni kufua maji ngamani, kwa hiyo wimbi likija wote wanamkemea aliye karibu, ambaye kwa kawaida ni mwalimu mkuu.

Mkutano wa pili ulikuwa wa watu wachache na ulianza karibu na saa yake. Tulikubaliana kwamba bodi, kwa kuwa ndiyo yenye jukumu la kusimamia majengo, ipitishe azimio na kuliandika kwenye kumbukumbu. Kwamba ombi liende hazina ya eneobunge kabla ya bajeti kufungwa. Kwamba mfadhili aandikiwe barua yenye kunukuu ule mstari wa mwisho wa kifungu cha 27, kwa heshima zote. Na kwamba afisa wa afya aombwe atukague kwa maandishi, ili notisi yake iwe ushahidi wetu. Hilo la mwisho lilitoka kwa yule mama wa mahamri. Mwakilishi wadi alicheka hadi akakohoa, kisha akasema atamleta yeye mwenyewe.

Jioni nilimsaidia katibu kujaza fomu ya mradi. Jina la shule, idadi ya wasichana, idadi ya wavulana, makadirio ya fundi, sahihi tatu. Katikati ya ukurasa wa pili kuna mstari unaouliza mmiliki wa ardhi na nambari ya hati. Katibu aliinua kalamu, akatazama dirishani kule mzee wa mtaa alikokuwa amekaa na bakora yake, akauacha mtupu, akahamia mstari unaofuata.